Rhodes kwa fedha za kuhesabu: Chagua mwezi na mtaa kabla ya kuuliza bei ya chumba

Anayepanga kwenda Rhodes na fedha za kuhesabu huanza kwa kuuliza bei ya chumba. Bei ni swali la tatu. La kwanza ni mwezi, la pili ni mtaa. Ukiyajibu hayo mawili sawasawa, bei inashuka, na juu yake unapata kitu ambacho hoteli kubwa za ufukweni haziwezi kukuuzia: usiku na alfajiri ndani ya mji wa kale ambao bado una wenyewe.

Kisiwa hiki kiko pembe ya kusini mashariki ya Ugiriki, mkabala na pwani ya Uturuki. Mji wake mkuu nao unaitwa Rhodes, na ndani ya mji huo kuna mji mwingine, ule wa kale, uliozungushiwa ukuta wa mawe wenye urefu wa kilomita 4 hivi. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1988. Ndani ya ukuta kuna msikiti, sinagogi, makanisa, hamamu, maduka ya viatu, shule, watoto wanaocheza mpira uchochoroni na bibi wanaoanika nguo juu ya dari. Kuna pia nyumba za wageni za vyumba sita, vinane, kumi, nyingi zikiendeshwa na familia. Hizo ndizo makala haya yanazitetea.

Mji uliojengwa kwa zamu

Ili uchague nyumba vizuri, ni lazima ujue nani aliijenga. Wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, watawa wa Kikatoliki waliobeba upanga, walikitwaa kisiwa mwaka 1309 na kukitawala kwa zaidi ya miaka 200. Wao ndio walioimarisha kuta, wakajenga Ikulu ya Mkuu wao, hospitali kubwa ya mawe na barabara iliyonyooka ambayo hadi leo inaitwa Ippoton, yaani barabara ya wapiganaji hao. Mwaka 1522 Sultani Suleiman aliuzingira mji kwa miezi sita. Wapiganaji walisalimu amri, wakaruhusiwa kuondoka na silaha zao mwanzoni mwa Januari 1523, na miaka michache baadaye wakapewa Malta.

Waosmani walipoingia, Wagiriki Waorthodoksi walihamishiwa nje ya ukuta. Mchana waliweza kuingia kufanya kazi na biashara, lakini jua likizama sharti wawe wametoka kabla ya milango kufungwa. Waislamu na Wayahudi ndio waliobaki kulala ndani. Waosmani hawakubomoa sana. Juu ya kuta za mawe za watangulizi wao waliongeza roshani za mbao zilizofunikwa, nyua za ndani zenye miti, misikiti na hamamu. Waitaliano walifika mwaka 1912. Wakaijenga upya Ikulu, iliyokuwa imeharibiwa na mlipuko wa baruti mwaka 1856, na wakafungua lango jipya kwa ajili ya magari. Kisiwa kilirudi rasmi Ugiriki mwaka 1948.

Ndiyo maana nyumba ya wageni ya Rhodes ya kale haifanani na hoteli. Chumba chako kinaweza kuwa na ukuta wa mawe wa unene wa mkono mzima, tao lililobeba dari, dirisha dogo linalotazama ua, na ngazi ya mbao inayopanda kwenye kitanda kilichowekwa juu kama dari ya pili. Ngazi ya nje inapanda hadi juu ya paa, na huko utaona mnara wa msikiti upande mmoja na bahari upande wa pili. Mawe hayo hutunza ubaridi mchana. Usiku wa Julai, hata hivyo, hurudisha joto yalilolikusanya, kwa hiyo uliza kama chumba kina kiyoyozi au feni tu.

Swali la kwanza: mwezi

Julai na Agosti ni miezi ya wenye fedha na ya wasio na hiari, kama wazazi wanaofungwa na likizo za shule. Bei hupanda kupita kiasi, meli za kitalii humwaga maelfu ya watu bandarini asubuhi, na joto la mchana hukufungia chumbani. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe husafiri kwenda visiwani kwa wingi, na vitanda na tiketi za meli huadimika.

Miezi ya msafiri mwenye bajeti ni miwili kila upande wa kiangazi: mwisho wa Aprili na Mei, kisha mwisho wa Septemba na Oktoba. Mei vilima vina maua na maji ya bahari bado yana ubaridi. Oktoba maji yana joto lililobaki la kiangazi, na wenye nyumba wako tayari kupunguza bei kwa anayekaa wiki nzima. Angalia tu kalenda ya Pasaka ya Kiorthodoksi, ambayo mara nyingi haiangukii siku moja na ile ya Wakatoliki na Waprotestanti. Wiki hiyo mji unapendeza mno, lakini vyumba hujaa.

Kuanzia Novemba hadi Machi nyumba nyingi hufungwa, ndege za moja kwa moja kutoka miji ya Ulaya hupungua sana, na mvua hunyesha. Anayetaka kuandika kitabu au kutembea makumbusho bila foleni atafurahi. Anayetaka kuogelea asijaribu.

Msimu wa bei nafuu una faida nyingine. Kuanzia Novemba hadi Machi makumbusho na magofu ya serikali huwa bure Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Aidha huwa bure wikiendi ya mwisho ya Septemba, ambayo ni ya urithi wa Ulaya, na tarehe 28 Oktoba, sikukuu ya taifa. Ukipanga safari ya mwisho wa Septemba au mwisho wa Oktoba iguse siku hizo, umeokoa viingilio vya familia nzima.

Swali la pili: mtaa

Tazama ramani ya mji wa kale. Kaskazini ndiko walikokaa Wapiganaji: Ikulu, hospitali ambayo sasa ni Makumbusho ya Akiolojia, na barabara ya Ippoton. Sehemu hiyo ni ya mawe, majengo ya umma na ukimya. Vyumba vya kukodi ni vichache. Katikati inapita Sokratous, mtaa wa maduka, ukiteremka kutoka Msikiti wa Suleiman hadi kiwanja cha Ippokratous chenye chemchemi. Hapo ndipo umati wote unapopita. Chumba kinachotazama kiwanja hicho kinavutia kwenye picha, lakini muziki wa mabaa utakuweka macho. Kiwanja cha Arionos, karibu na hamamu ya zamani, nacho kina kelele za usiku.

Teremka kusini. Mitaa kama Omirou, Pythagora na Agiou Fanouriou ndiyo mitaa ya kulala. Ni vichochoro vyembamba vyenye matao ya mawe yanayounganisha nyumba moja na nyingine juu ya kichwa chako. Matao hayo hayakuwekwa kwa urembo: yanazizuia kuta zisiangukiane tetemeko la ardhi linapopita, na kisiwa hiki kimeyajua matetemeko tangu lile lililoiangusha sanamu maarufu ya Kolosai mwaka 226 kabla ya Kristo. Mashariki, karibu na bandari, kuna mtaa wa zamani wa Wayahudi, nao ni mtulivu ukishaondoka kwenye kiwanja chake kikuu.

Kwa nini kulala ndani ya ukuta badala ya ufukweni? Kwa sababu wageni wa meli za kitalii na wa hoteli kubwa huondoka jioni. Saa kumi na mbili asubuhi Ippoton haina mtu. Mwenye mkahawa anamwaga ndoo ya maji mbele ya mlango wake na kuyasukuma kwa fagio, na sakafu ya mtaa inaanza kung'aa. Sakafu hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu: ni kokoto za baharini, za mviringo, nyeusi na nyeupe, zilizopangwa kwa wima moja moja na kusuguliwa na nyayo za karne nyingi mpaka zikawa laini. Katika nyua za nyumba za zamani kokoto hizo hupangwa kwa michoro ya maua, jua au mvinje. Kwa anayelala ndani, hayo yote ni bure.

Kokoto hizo hizo ni adui wa mabegi ya magurudumu, na magari ya wageni hayaruhusiwi katika sehemu kubwa ya mji wa kale. Teksi itakushusha langoni. Kwa hiyo, kabla hujafika, muulize mwenyeji wako jambo moja: lango gani liko karibu zaidi na nyumba? Malango ni mengi, na ukishushwa kwenye lango lisilo lako utabeba mizigo nusu ya mji. Beba begi la mgongoni. Mzazi mzee au mtu mwenye tatizo la magoti atafutiwe chumba cha chini, kwa maana lifti katika nyumba hizi ni nadra.

Swali la tatu: nyumba yenyewe na bei yake

Ugiriki ina makundi ya malazi, na tofauti yake inagusa mfuko. Hoteli hupewa nyota. Vyumba vya kukodi, ambavyo Wagiriki huviita domatia, hupewa funguo: kibao kilicho mlangoni huonyesha ufunguo mmoja hadi minne. Kundi la tatu ni nyumba na fleti za kukodi kwa siku chache kupitia mitandao, ambazo nazo sharti ziwe na namba ya usajili wa serikali. Nyumba ambayo haionyeshi nyota, wala funguo, wala namba, iache.

Kisha kuna ada. Kila anayelala Ugiriki hulipa ada ya kukabili mabadiliko ya tabianchi, ambayo huhesabiwa kwa chumba na kwa usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona mtandaoni. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2025, kati ya Aprili na Oktoba chumba cha domatia au cha hoteli ya nyota moja au mbili hulipiwa euro 2 kwa usiku. Fleti ya kukodi kwa siku chache hulipiwa euro 8. Hoteli ya nyota tano, euro 15. Piga hesabu ya usiku saba: euro 14 kwa nyumba ndogo ya wageni, 56 kwa fleti, 105 kwa hoteli kubwa, kabla hujalipia hata shuka. Hapo serikali yenyewe imekupa sababu ya kuchagua nyumba ndogo.

Kabla ya kulipa, mwandikie mwenye nyumba moja kwa moja. Wengi wanajua Kiingereza cha kutosha, na ukikubaliana nao bila dalali, mara nyingi hupunguza kidogo au hukuongezea kifungua kinywa. Uliza mambo haya: Bafu liko ndani ya chumba au ni la pamoja? Dirisha linatazama ua au mtaa? Kiyoyozi kinalipiwa pembeni? Kuna jokofu na birika la maji ya moto? Kitanda cha watu wawili ni kimoja, au ni vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja? Nikifika usiku wa manane na meli, nani atanifungulia? Mwenye nyumba anayejibu yote kwa utulivu ndiye utakayemhitaji ukiugua tumbo au ukikosa basi.

Jiandae na desturi mbili za nyumba. Maji ya moto mara nyingi hutoka kwenye tangi la nishati ya jua lililo darini, hivyo ukioga wa mwisho baada ya siku ya mawingu, utayakuta ya uvuguvugu. Na karatasi za chooni haziingizwi chooni: mabomba ni membamba, zinawekwa kwenye kindoo kilicho pembeni. Heshimu hilo, maana bomba likiziba katika nyumba ya miaka mia tano, anayeumia ni mwenyeji wako.

Viza, nauli na njia

Kwa Mtanzania au Mkenya, hesabu huanza na viza ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12 ni euro 45. Maombi hupokelewa miezi sita kabla ya safari, na hayapaswi kuchelewa zaidi ya siku 15 kabla yake. Usisubiri siku hizo 15. Utadaiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 na uthibitisho wa malazi. Hapa ndipo nyumba ndogo inapohitaji uangalifu: chagua inayokubali kufuta nafasi bila malipo hadi karibu na tarehe, na umwombe mwenyeji barua yenye majina yenu kamili kama yalivyo kwenye pasi, tarehe na anwani. Usilipe fedha zisizorudishwa kabla viza haijagongwa.

Kutoka Athens kuna njia mbili. Ndege huchukua kama saa moja, na tiketi ikikatwa mapema huwa nafuu. Meli hutoka bandari ya Piraeus na husafiri usiku kucha, kwa kawaida saa 15 hadi 18, kutegemea visiwa itakavyotia nanga. Metro ya uwanja wa ndege wa Athens hufika hadi Piraeus yenyewe. Tiketi ya sitaha, isiyo na kitanda, ndiyo ya chini, na humo utalala pamoja na wanafunzi, askari na madereva wa malori. Chukua blanketi na chakula chako. Faida yake ni mbili: umeokoa malipo ya usiku mmoja wa chumba, na asubuhi meli inakushusha karibu na ukuta wa mji wa kale, ambako unaingia kwa miguu. Anayeshuka uwanja wa ndege wa Rhodes atapanda basi la umma hadi mjini, umbali wa kilomita 14 hivi.

Kula na kuzunguka bila kuumia

Usikae kula kwenye Sokratous. Tembea vichochoro viwili kusini, au toka nje ya ukuta wanakokula wafanyakazi wa mji. Duka la mikate, linaloitwa fournos, lina mkate wa jibini na wa mchicha wa kushibisha hadi mchana. Omba pitaroudia, kitafunwa cha kisiwa hiki cha dengu zilizosagwa, kitunguu na mnanaa, kilichokaangwa. Anayezijua bhajia za dengu ataona amefika kwa jamaa. Mikahawa mingi huleta mkate bila kuulizwa na kuuweka kwenye hesabu. Na ujue haki yako: sheria inamtaka mwenye mkahawa akupe risiti, na tangazo la kwamba mteja halazimiki kulipa asipopewa huandikwa kwenye menyu.

Mambo mazuri mengi hayana kiingilio. Handaki kavu linalozunguka ukuta ni njia ya kutembea, mahali ambapo jeshi la Suleiman lilipigana, na bado mawe ya mviringo yaliyorushwa kwa mizinga yamelala kando ya njia. Ufukwe wa Elli uko umbali wa kutembea. Mabasi ya umma hukupeleka Lindos, mji mweupe ulio chini ya mwamba wenye hekalu la Athena, safari ya kilomita 50 hivi. Panda la kwanza asubuhi kabla ya joto. Mwislamu anayetafuta pa kuswali aulizie Msikiti wa Ibrahim Pasha, wa karne ya 16, ambao bado unatumiwa na Waislamu wenyeji. Ule wa Suleiman, wenye rangi ya waridi, ni wa kutazamwa zaidi.

Mtaa wa Wayahudi na njia ya Katanga

Tenga asubuhi moja kwa ajili ya mtaa wa Wayahudi, na uende taratibu. Sinagogi la Kahal Shalom lilijengwa mwaka 1577 na ndilo kongwe kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Waliosali humo walikuwa wazao wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na walizungumza Kihispania chao cha zamani hadi karne ya 20.

Mwanzoni mwa karne hiyo umaskini uliwasukuma vijana wengi wa mtaa huu kuvuka bahari, na kundi kubwa likaenda Kongo ya Wabelgiji, hasa Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Walifungua maduka Katanga, eneo la mji huo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, wakajenga sinagogi lao huko. Mwanasiasa Moïse Katumbi ni mtoto wa mmoja wao: baba yake, Nissim Soriano, alitoka Rhodes.

Waliobaki walifikwa na Julai 1944. Wajerumani, waliokuwa wamekitwaa kisiwa kutoka kwa Waitaliano, waliwakusanya Wayahudi, wakawapakia mashuani na kisha kwenye treni hadi Auschwitz: zaidi ya watu 1,600. Walionusurika ni takriban 150. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliokoa makumi ya watu kwa kudai kuwa ni raia wa nchi yake au jamaa wa raia. Kiwanja kikuu cha mtaa leo kinaitwa Kiwanja cha Mashahidi Wayahudi, na humo kuna nguzo nyeusi ya kuwakumbuka. Kumbuka kwamba baadhi ya nyumba unazopita, pengine hata ile unayolala, zilikuwa za watu waliotolewa humo kwa nguvu. Ni wajibu wa mgeni kulijua hilo.

Fedha yako inaenda wapi

Miji ya kale hufa kwa njia mbili: ikikosa wageni kabisa, au wageni wakijaa mpaka kila nyumba igeuzwe fleti ya kukodi na wenyeji wahamie nje. Rhodes imeonja hofu zote mbili. Julai 2023 moto wa msituni uliwahamisha watu wapatao 19,000 kusini na mashariki ya kisiwa, na wenyeji waliwafungulia wageni nyumba, shule na viwanja vya michezo. Watu wa namna hiyo wanastahili kubaki katika mji wao.

Euro unayompa mama anayeishi chini ya chumba chako inanunua mkate wa fournos ya jirani, inalipa fundi wa mtaa anayeziba paa, inamfanya kijana wake asiuze nyumba. Kwa msafiri wa mfuko mdogo, chaguo la bei nafuu na chaguo la haki ni moja hapa, na bahati kama hiyo haipatikani kila mahali. Basi chagua mwezi wako, Mei au Oktoba. Chora duara kwenye mitaa ya kusini ya Sokratous. Mwandikie mwenye nyumba anayelala humo humo, uliza maswali yako yote, kisha peleka karatasi zako za viza mapema.